Siku 21 za kuku, siku 28 zako

Jioni moja ya mwezi wa pili jirani yangu hapa Rau, Moshi, aliniita nikamwangalizie kuku wake. Alikuwa amemwekea mayai 12 kwenye beseni lililopasuka nyuma ya jiko, na siku hiyo ilikuwa ya 24. Vifaranga watatu walikuwa wanaparamia majani makavu ya migomba, mama yao mbele anawaita, na beseni limeachwa limepoa. Nikahesabu yaliyobaki: mayai 14.

"Kaka, huyu jogoo nimchinje tu?" akaniuliza.

Kabla ya kumjibu nilitaka hesabu ikae sawa kwanza. Watatu na 14 ni 17. Yeye aliweka 12. Matano yametoka wapi?

Tukachukua bakuli, tukapasua manne. La kwanza lilikuwa na kifaranga kamili, manyoya yameshaota, amebakiza siku mbili tatu atoke. La pili lilikuwa na kiinitete kisichozidi kidole gumba. La tatu lilikuwa ute na kiini, yai la kukaangia kabisa. La nne lilikuwa viza, na harufu yake ilitutoa wote wawili nyuma ya jiko mbio.

Jogoo hakuwa na kosa. Yale mawili ya kwanza ni ushahidi kwamba alifanya kazi yake. Kilichoharibika pale ni kalenda, na sehemu kubwa ya hasara ya kuku wa nyumbani inaanzia hapo. Kuku hutoa joto, tena kwa ustadi ambao mashine nyingi za kutotolesha zinauiga kwa shida. Tarehe hazijui. Hizo ni zako.

Kuku hutaga yai moja kwa siku, siku nyingine anaruka, na huchukua wiki mbili au zaidi kukusanya mayai yake 12 au 15. Lakini akiachwa peke yake huko kichakani anarudi na vifaranga wa siku moja wote. Inawezekanaje, wakati yai la kwanza limelitangulia la mwisho kwa wiki mbili? Inawezekana kwa sababu yai likitagwa linalala. Kiinitete kilichomo kinasimama kukua mpaka kipate joto la kulaliwa, karibu nyuzi 37 na nusu. Kuku akiwa bado anataga huingia kiotani, anataga, anaondoka. Siku anapoamua kukaa moja kwa moja ndipo mayai yote yanapoamka pamoja, na kuanzia hapo ni siku 21.

Sasa mwangalie kuku wa jirani. Yeye ameanza siku 21 zake na mayai 12. Lakini bandani wapo mitetea wengine, na mtetea hupenda kutaga mahali palipo na mayai tayari. Anayelalia akitoka kula na kunywa, mwenzake anaingia, anaacha lake. Leo moja, baada ya siku tatu jingine. Mayai hayo ya wageni yana tarehe zao. Vifaranga wa kwanza wakitoka, kuku husubiri siku moja, pengine mbili, kisha silika ya kulea inaishinda ya kulalia: anaondoka na walio hai. Yule kifaranga kamili tuliyemkuta alikufa kwa sababu alikuwa nyuma ya wenzake kwa siku chache tu.

Hiyo inaeleza yale matano. Je, yale mengine tisa ya mwanzo? Kuku wa kienyeji wa kawaida anafunika vizuri mayai 10 hadi 13. Ukimzidishia, yapo yatakayobaki ukingoni nusu nje. Wengi hudhani hasara ni ya hayo ya ukingoni peke yake. Sivyo. Kuku huyageuza mayai mara nyingi mchana na usiku, na kila anapoyageuza anayabadilisha nafasi, la katikati linakwenda pembeni na la pembeni linaingia katikati. Kwa hiyo yote hupata zamu ya baridi. Kwa hiyo mayai yakifika 17, hata kama matano ni ya wageni, unaweza kuishia na watatu, kama jirani.

Dawa ya haya yote ni penseli. Siku unapomwekea kuku mayai, chora duara jembamba kuzunguka kila yai na uandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Kila jioni kuku akitoka kula, chungulia. Yai lisilo na duara ni la mgeni, liende jikoni siku hiyohiyo. Ukiweza kumtenga anayelalia kwenye chumba chake, au hata kumwekea kizuizi cha wavu, usumbufu huo unaisha kabisa.

Tuanze nyuma kidogo, kwenye mayai yenyewe. Mayai ya dukani yanayotoka kwa kuku wa kisasa hayatotoki, hata kuku awe hodari vipi, kwa sababu kule bandani hakuna jogoo. Yako ya nyumbani yatatotoka kama jogoo yupo, mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Yakusanye kila siku, usiyaoshe, maana ganda lina utando unaozuia vijidudu na maji yanauondoa. Yahifadhi upande uliochongoka ukiangalia chini. Siku 7 ni salama, 10 ni mwisho wangu mimi. Friji la nyumbani ni baridi mno, na huku chini Moshi mjini mwezi wa pili chumba chenye bati bila dari ni joto mno: yai linaanza kuamka nusunusu na kufa kabla halijalaliwa. Walioko juu mlimani, Kibosho na Marangu, hawana shida hiyo. Mimi nayaweka chini ya kitanda, kwenye boksi la pumba za mpunga.

Kwa nini kuku huyu analalia na yule halalii? Kuna homoni iitwayo prolaktini. Ikipanda, kuku anaacha kutaga, anavua manyoya ya kifuani ili ngozi iguse mayai, anabaki kiotani hata ukimsukuma. Kuku wa mayai wa kisasa wamechaguliwa vizazi na vizazi kwa kutolalia, kwa sababu siku anayolalia ni siku asiyotaga. Ndiyo maana aliyenunua chotara wa Sasso au Kuroiler akisubiri walalie atasubiri sana. Mayai yao unaweza kumwekea kuku wa kienyeji na yakatotoka, ila usitegemee watoto wafanane na wazazi. Chotara akizaa, tabia zinatawanyika.

Dalili za anayetaka kulalia mtu hawezi kukosea: amefura, sauti imekuwa nzito, ukipeleka mkono anadona kwa hasira, na jioni wenzake wakipanda kulala yeye yuko kiotani. Hata hivyo usimpe mayai yako mazuri siku ya kwanza. Mwachie mayai mawili matatu usiyoyajali, umwangalie kwa usiku mbili. Akiendelea, mpe ya kweli usiku, yote kwa pamoja, na utoe yale ya majaribio. Ukitaka kumhamisha mpeleke usiku pia, umfunike. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kuku aliyenunuliwa sokoni Mbuyuni akiwa analalia, akifika kwako mchana kweupe katikati ya wenyeji, mara nyingi anasahau kabisa alichokuwa anafanya.

Uzito nao uangalie. Kuchi ni kuku mzuri wa kuonyesha wageni, lakini mwili ule mzito huvunja mayai na kukanyaga vifaranga. Mimi nampenda kuku mdogo wa kienyeji, mwepesi, mwenye hasira.

Kiota changu ni karai la zamani: udongo mkavu chini, juu yake majani makavu ya migomba yaliyochanwachanwa, katikati pamebonyea kama bakuli ili mayai yasitawanyike. Napaka jivu kidogo kwenye majani kwa ajili ya utitiri na viroboto, maana kuku anayelalia haondoki hata akinyonywa damu. Nimeona kuku ameng'ang'ania mayai uso umejaa viroboto mpaka upanga wa kichwani umekuwa mweupe.

Kisha siafu. Anayeishi mitaa hii yenye migomba na maji ya mfereji anajua masika yanakuja na nini. Mwaka mmoja mwezi wa nne nilimweka kuku chini, kwenye kona ya banda, siku ya 19. Usiku nikasikia kelele, nikafikiri kicheche. Nilipofika na tochi kuku alikuwa ameruka juu ya mlango, na karai ni jeusi linatembea. Mayai yaliyokuwa yameanza kudonolewa kwa ndani yalikuwa yametobolewa kwa nje. Tangu siku hiyo karai linakaa juu ya meza ndogo, kila mguu umesimama kwenye kopo lenye oili chafu, na nahakikisha hakuna jani la mgomba linalogusa meza. Jivu kuzunguka banda husaidia mpaka mvua inyeshe, na siafu hutoka hasa mvua ikinyesha.

Ndani ya zile siku 21 hakuna mengi ya kufanya, na wanaoharibu ni wanaofanya mengi. Chakula na maji yawe karibu, punje za mahindi zinamtosha kwa sababu anakula kidogo na anapungua uzito, hilo ni kawaida. Atatoka mara moja au mbili kwa siku, dakika 15 hadi 30, ataacha kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya, atajipaka vumbi, atarudi. Asipotoka kabisa siku mbili, mtoe mwenyewe.

Siku ya 7, usiku, chukua tochi ya simu. Zungushia kiganja kwenye yai ili mwanga usivuje na uliangalie kwa upande butu. Yai lililo hai linaonyesha doa jeusi lenye mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa lote manjano. Lenye pete nyekundu bila mishipa lilianza likafa. Yatoe hayo mawili ya mwisho, maana yai lililokufa likioza linaweza kupasuka na kuchafua mengine. Rudia siku ya 14 ukipenda. Mara ya kwanza mke wangu alipoona kile kidoa kinarukaruka ndani ya ganda alininyang'anya simu akaanza kuyapima yote upya, pamoja na niliyokwisha kuyapima.

Kuanzia siku ya 18 ondoa mikono. Kifaranga anajipanga kwa ajili ya kutoka, kichwa kuelekea kwenye mfuko wa hewa ulio upande butu. Siku ya 20 utasikia sauti ndani ya ganda, na mama anajibu kwa sauti ya chini. Akishatoboa ganda anaweza kukaa saa 12, hata 24, kabla ya kutoka, na hapo ndipo huruma ya binadamu inapoua. Wakati huo mishipa iliyobandikana na ganda bado inarudisha damu mwilini mwake, na kiini kinaingia tumboni. Ukimmenya kama chungwa atavuja damu. Mwache.

Kile kiini kilichoingia tumboni ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za kwanza. Kwa hiyo usihangaike kwamba wametotoka asubuhi na jioni hawajala. Kuku hutumia nafasi hiyo kuwasubiri waliochelewa. Hapo siku 21 za kuku zinakwisha na zako zinaanza, kwa sababu vifaranga wengi wa uswahilini hawafi kwenye yai. Hufa katika wiki nne zinazofuata, na wenyewe tunasema "kuku wangu alitotoa 11, amebaki na 2" kama vile ni hali ya hewa.

Kuna methali kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kuchakura kweli hafunzwi, anazaliwa anajua. Anachofunzwa ni cha kumeza na cha kuacha. Tazama mama anapopata mchwa: anaokota, anaangusha, anaokota tena, anaita kwa sauti ya haraka, vifaranga wanakimbilia mdomoni mwake. Ana mlio mmoja wa adui wa ardhini na mwingine wa adui wa angani. Akitoa ule wa mwewe vifaranga wanapotea chini ya majani kabla wewe hujainua macho. Vifaranga waliokuzwa chini ya taa kwenye bruda hawafundishwi hivyo na mtu. Na joto la mama halikatiki umeme ukikatika.

Mambo ambayo hawezi kuwapa ni matatu, na hapo ndipo nguvu zako ziende.

Mojawapo ni chakula. Pumba na makombo ya ugali humtosha mama, si kifaranga anayeota manyoya. Mpe chakula cha vifaranga cha dukani, chenye protini karibu asilimia 20, angalau mwezi mzima. Watu huniuliza: mama akikila si hasara? Ni hasara ndogo, na hakimdhuru maana hatagi. Hatari ni kinyume chake. Chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, mara tatu au nne ya anayohitaji kifaranga, na figo zake haziimudu. Mimi hukiweka chakula chao chini ya tenga lenye nafasi za kupenya wao tu, kuku wakubwa wanazunguka nje wakilaani. Maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto ndani. Kifaranga huzama kwenye kina ambacho wewe hukitilii maanani.

Jingine ni paa na sakafu kavu, kwanza kabisa mwezi wa sita na wa saba, Arusha hasa, ambako asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne. Vifaranga wenye umande miguuni wanapoa, na mama mmoja hafuniki 18 kwa pamoja hata akipanua mabawa yote. Wazuie ndani mpaka nyasi zikauke. Sakafu yenye unyevu pia ndiyo nyumba ya koksidiosi, ule mharo wa damu unaopiga wiki ya tatu hadi ya sita. Badilisha matandiko, na ukiona damu kwenye kinyesi kimbilia duka la dawa za mifugo ukaulize amprolium siku hiyohiyo. Mwewe nao wanawinda mchana kutwa, na wiki mbili za kwanza heri vifaranga wawe chini ya tenga au ndani ya wavu mama akiwa karibu.

Kisha chanjo. Mdondo, wengine hukiita kideri, unaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki, na hauna dawa. Shubiri mbichi, pilipili na mwarobaini havimtoi kirusi huyo mwilini, hata kama bibi alivitumia na wachache wakapona. Chanjo ipo, ya I-2, inatengenezwa hapahapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingi. Ni tone moja tu jichoni, unarudia kila miezi 3. Kwa sababu chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja na ikifunguliwa haikai, sisi majirani wanne tunachanga, tunachanja siku moja. Mchanje mama kabla hajaanza kutaga. Kinga yake hupita kwenye kiini na kuwalinda watoto siku za mwanzo. Vifaranga nao wapate tone lao, na muulize mtaalamu wa mifugo wa kata kuhusu chanjo za Gumboro na ndui, maana ratiba hutegemea yaliyopo eneo lenu. Ndui huenezwa na mbu, kwa hiyo sisi wa karibu na majaruba ya Rau hatuichukulii kama mzaha.

Kama una kuku watatu wanaoonyesha dalili ndani ya wiki moja, washike wa kwanza kwa mayai ya majaribio, kisha wawekee wote usiku mmoja. Wakitotoa, vifaranga wote wape kuku wawili tu, usiku, wakiwa bado na siku moja, na yule wa tatu umrudishe kwa jogoo. Hata vifaranga wa kununua hupokelewa namna hiyo na kuku aliyelalia karibu wiki tatu, mradi wawe wa siku moja mbili na uwasukumie chini yake gizani. Kwa mchana atawadona.

Hapa ndipo penye fedha. Kuku akiachwa alee anavyotaka, atakaa na watoto miezi miwili na nusu hadi mitatu. Jumlisha siku 21 za kulalia na wiki mbili tatu za kutaga, ni karibu miezi minne: matoleo 3 kwa mwaka. Ukimtenga na watoto wakifika siku 28, mzunguko unashuka mpaka siku 80 hivi, na matoleo yanakuwa 4, mwaka mzuri hata 5. Lakini mlishe. Kuku aliyekonda akirudishwa kutaga haraka atakutagia mayai machache na madogo.

Kutenga kwenyewe nafanya jioni. Vifaranga wanabaki chumba walichokizoea, mama ndiye anayeondoka, ili wao wasikose mama na nyumba siku moja. Baridi ya mwezi wa saba nawawekea boksi lenye majani makavu wakumbatiane, na nasogeza mpaka wiki ya tano. Asubuhi ya kwanza mama anazunguka wavu akiita, na wao wanajibu. Siku ya pili anaita asubuhi tu. Yule wa jirani, tulipomtenga na watatu wake, kufikia siku ya nne alikuwa anafukuzana na jogoo aliyeponea kisu, na siku ya 12 alirudi kwenye beseni lilelile lililopasuka, akataga. Jirani alikuja na penseli mkononi kuniuliza achore duara leo au asubiri. Nikamwambia leo liende kwenye boksi la pumba, duara lisubiri.